Ninja 250 kwenye chumvi ya Bonneville: sproketi gani, jeti gani, na wakaguzi wanaangalia nini?

GiaYaSita

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada kwa wanaoyajua mashindano ya kasi ya Bonneville kule Utah.

Pikipiki ni Kawasaki Ninja 250R ya 2009, toleo la Marekani, yaani ya kabureta. Haijafanyiwa mabadiliko yoyote, na iko Houston, karibu na usawa wa bahari. Lengo ni kuiingiza Speed Week, mashindano ya pale ya mwezi Agosti, daraja la P la 250 cc, fremu na injini vyote vya kiwandani.

Nina maswali manne. Sproketi nibadilishe ziwe ngapi kwa ngapi? Jeti za kabureta (vitundu vinavyopitisha petroli) nishuke kiasi gani kwa ule mwinuko? Ukaguzi unakwamisha watu kwa mambo gani hasa? Na la mwisho, nimesoma kwamba rekodi inataka ukimbie kwenda na kurudi ndani ya saa mbili. Je, ndivyo ilivyo hata kwa sisi wa injini ndogo?

Natanguliza shukrani.

---

FundiDaino

Karibu mkuu. Piga hesabu kwanza, sproketi utanunua baadaye.

Ninja 250R ina uwiano wa kwanza (kutoka krenki hadi klachi) wa 3.087, gia ya sita ni 0.893, na sproketi za kiwandani ni 14 mbele, 45 nyuma, yaani 3.214. Zidisha zote tatu upate 8.86. Injini inazunguka mara 8.86 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi la nyuma. Tairi la 130/70-17 lina mzingo wa mita 1.93 hivi. Injini hiyo hutoa nguvu yake kubwa kwenye mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Kwa hiyo 11,000 gawanya kwa 8.86, zidisha kwa 1.93, kisha kwa 60, gawanya kwa 1,000. Unapata kilomita 144 kwa saa.

Sasa angalia, hiyo ni kasi ya tairi, si kasi ya pikipiki. Kwenye chumvi tairi la nyuma linateleza muda wote, hata kama wewe uliyekaa juu yake husikii chochote. Kwa 250 weka asilimia 5. Wenye injini kubwa huona asilimia 10 na zaidi wakisoma kumbukumbu za vihisi vyao. Ukiondoa hiyo 5, saa ya mashindano itakuandikia 137.

Njoo upande wa nguvu. Chukua hp 26 kwenye gurudumu la nyuma ukiwa pwani. Bonneville iko mita 1,286 hivi juu ya bahari, na mchana wa Agosti joto hufika nyuzi 35. Hapo hewa ina uzito wa kilo 0.98 kwa mita ya ujazo, wakati kipimo cha kawaida cha pwani ni 1.225. Umebaki na asilimia 80 ya hewa, na injini isiyo na turbo inabaki na karibu asilimia 80 ya nguvu, kama hp 21.

Wengi huishia hapo, wanakata tamaa. Wanasahau kwamba hewa hiyohiyo ndiyo inayokuzuia mbele, na ukinzani wake nao umeshuka hadi asilimia 80. Faida na hasara hizo mbili karibu zinafutana. Kinachokula kasi ni chumvi yenyewe, kwa sababu tairi linabingirika juu ya kitu chenye chembe na unyevu, si lami. Ukichukua ukinzani wa kubingirika mara mbili ya ule wa lami, pikipiki na mwendeshaji kilo 240 kwa pamoja, na kipimo cha umbo mara eneo la mbele 0.32 kwa mtu aliyelala vizuri kwenye tangi, hesabu inakupa karibu kilomita 162 kwa saa kwenye lami ya pwani, na 155 kwenye chumvi. Hiyo 155 ni maili 96. Ni makadirio, ila ndiyo ya kupangia gia.

Ili upate 155 halisi huku tairi likiteleza asilimia 5, tairi lenyewe linatakiwa lizunguke kwa kasi ya 163. Kwa sproketi za kiwandani hiyo ni mizunguko karibu 12,500, umeshakipita kilele cha nguvu na unaelekea mstari mwekundu. Weka 15 mbele na 43 nyuma. Uwiano wa jumla unakuwa 7.90, na kwenye 11,000 tairi liko 161, pikipiki 153. Anzia hapo.

Usikimbilie 15 kwa 40 kwa tamaa. Gia ndefu kupita nguvu uliyonayo ni kosa baya kuliko gia fupi. Ukikutana na upepo wa mbele, hata mdogo, gia ya sita haitavuta, mizunguko itashuka chini ya kilele, na utamaliza maili ya kupimwa, ile ya mwisho ambayo kasi yake ndiyo inayoandikwa, ukiwa unapoteza kasi. Gia fupi kidogo inakunyima kilomita mbili tatu tu.

Beba 14 na 15 za mbele, na 42, 43, 44 na 45 za nyuma. Jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma, kwa hiyo marekebisho madogo yote yafanyie nyuma. Cheni ikate kwa sproketi kubwa utakayotumia, kisha hakikisha kwamba ukiweka ndogo ekseli bado ina nafasi ya kurudi nyuma. Mvutano wa cheni upime mwendeshaji akiwa amekaa na kulala kama atakavyokimbia. Ukiipima pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi, cheni itakaza atakapopanda, na cheni iliyokaza inakula nguvu na beringi ya shafti ya mbele.

Kuhusu jeti. Hewa ikipungua, petroli inayopita kwenye jeti nayo inapungua, lakini si kwa kiwango kilekile. Ndiyo maana kabureta iliyopangwa Houston inakuwa nzito (petroli inazidi hewa) ikifika Utah, kwa asilimia 8 au 9 hivi katika joto la mchana. Kabureta za Ninja zinajirekebisha kidogo resi ikiwa nusu, ila resi ikiwa wazi kabisa pistoni ya kabureta imeshapanda juu na jeti kuu ndiyo inayoamua kila kitu. Eneo la tundu la jeti lipungue asilimia 8 au 9, maana yake kipenyo kipungue asilimia 4. Kwa jeti zinazohesabiwa kwa kipenyo, 100 inashuka hadi 96 hivi. Shuka hatua moja moja ukitokea upande mzito. Ukianzia upande mwepesi, maili moja ya resi wazi inatosha kutoboa pistoni.

Kuna jambo moja linalokurahisishia kazi. Salt Lake City iko karibu mwinuko uleule wa Bonneville. Ukipita pale, tafuta gereji yenye daino (mashine ya kupima nguvu ya injini) na kihisi cha mchanganyiko, panga jeti hadi upate uwiano wa hewa kwa petroli wa 12.8 hadi 13 resi ikiwa wazi. Wendover, mji ulio kando ya chumvi, uko kilomita karibu 190 tu kutoka pale kwa barabara ya I-80, na hali ya hewa haitofautiani sana. Uwanjani kamilisha kwa kusoma plagi: plagi mpya, kimbia resi wazi, na ukishapita mwisho wa maili ya kupimwa bana klachi na zima injini kwa pamoja, jiache useleleke hadi njia ya kutokea. Ukiifungua, tazama chini kabisa ya kaure kwa kioo cha kukuza. Kaure nyeupe tupu yenye vitone vinavyong'aa ni onyo, rudisha jeti kubwa kabla ya mbio nyingine.

Na kumbuka madaraja ya petroli yanakutaka ununue mafuta uwanjani kwa muuzaji wa mashindano, kisha tangi linafungwa kwa lakiri. Mafuta yale si yale ya kituo cha Houston. Acha nafasi ya hatua moja ya jeti kila upande.

---

NatiNaWaya

FundiDaino kamaliza upande wa injini. Mimi naingia kwenye ukaguzi, kwa sababu huko ndiko watu wanapoteza siku nzima.

Speed Week inaendeshwa na SCTA, chama cha tangu 1937, na kitabu chao cha kanuni hutoka kila mwaka. Nunua cha mwaka unaokimbia. Wakaguzi ni watu wa kujitolea wanaojua kazi yao, na hawamkatalii mtu kwa chuki. Wanakataa kitu ambacho kimewahi kumwangusha mtu.

Swichi ya kamba. Lazima kuwe na kamba inayofungwa kwenye mkono au mwili wa mwendeshaji, na ikichomoka injini izime papo hapo. Ifungue uone inazima kweli, si taa tu. Kosa linaloonekana sana ni kamba ndefu mno, inayokuruhusu kudondoka na bado haijachomoka, au fupi mno, inayochomoka ukilala kwenye tangi. Ipime ukiwa umevaa suti ya ngozi na glavu.

Resi. Ukiiachia ijifunge yenyewe, hendeli ikiwa imekatwa kushoto kabisa, kulia kabisa, na katikati. Kebo ikipitishwa vibaya inavutika ukikata kona na injini inapanda mizunguko. Hapo hupiti.

Bolti. Kizibo cha kumwagia oili, kifuniko cha kujazia oili na chujio la oili vifungwe kwa waya wa usalama. Waya uvute upande wa kukaza, si wa kulegeza. Unahitaji kutoboa vichwa vya bolti kwa tundu la milimita 1.5 hivi, na fanya kazi hiyo nyumbani kwenye drili ya mezani. Kutoboa bolti uwanjani kwa drili ya mkononi ni kuvunja biti tano na kupoteza asubuhi. Chujio la ndani la Ninja lina bolti yake, nayo usiisahau.

Stendi ya pembeni itoe. Vioo vya pembeni toa. Taa ya mbele ya kioo izibe kwa tepu au fuata inavyosemwa kwenye daraja lako. Cheni iwe na kinga. Hendeli iwe na kizuizi ili vidole visibanwe kwenye tangi au fearingi (ganda la nje la pikipiki). Kuhusu dampa ya usukani (kizuia mtikisiko), soma kitabu kuona daraja lako linasemaje, ila ushauri wangu ni uifunge hata kama hulazimiki.

Tairi. Herufi ya kasi iendane na kasi unayokwenda: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Kwa 155 H inakutosha sana. Mkaguzi anaangalia pia tarehe ya kutengenezwa na nyufa za pembeni, hata kama meno ni mazima.

Valvu za tairi. Ziwe za chuma, na vifuniko vya chuma vyenye mpira ndani. Watu hushangaa kitu kidogo hivyo kinaangaliwa vikali. Fanya hesabu: kwenye kilomita 240 kwa saa, kifuniko kilicho sentimita 18 kutoka katikati ya gurudumu kinavutwa nje kwa nguvu karibu mara 900 ya uzito wake. Kifuniko cha gramu 2 kinavuta kama karibu kilo 2. Valvu ya mpira inapinda, sindano ya ndani inasukumwa na kufunguka, na upepo unatoka ukiwa katikati ya njia. Kifuniko cha chuma ndicho kizuizi cha mwisho.

Mavazi yanakaguliwa sawasawa na pikipiki. Ngozi ya kipande kimoja, au vipande viwili vilivyounganishwa kwa zipu kuzunguka kiuno chote. Buti zipite kifundo cha mguu. Glavu za ngozi zisiachie nafasi kwenye kiganja. Helmeti iliyofunika uso wote yenye lebo ya Snell, taasisi inayopima helmeti, ya toleo linalokubaliwa mwaka huo. Tazama lebo iliyo ndani ya helmeti, usimwamini muuzaji. Rollie Free alikimbia hapohapo Bonneville Septemba 1948 akiwa na kaptura ya kuogelea, amelala juu ya pikipiki ya Vincent, akapata maili 150.313 kwa saa. Alikuwa amevua kwa sababu ngozi zake zilichanika kwenye mbio iliyotangulia. Kanuni za leo zisingemfikisha hata kwenye mstari wa kuanzia, na ni haki.

Eneo lako la kutengenezea pikipiki litandikwe turubai chini. Chumvi ile ni ardhi ya umma na oili haitakiwi kuigusa. Na beba kizima moto.

---

BoxerMpyaa

Mimi ningesema toa uzito wote. Betri ndogo, toa siti ya abiria, toa kila kinachotoka. Kila kilo ni kasi.

---

UpepoWaPembeni

Ndugu yangu, hiyo ni kanuni ya mbio za kona na za robo maili. Hapa haifanyi kazi hivyo, na kwenye daraja la P vingi vya hivyo huruhusiwi kuvigusa.

Twende kwa namba za FundiDaino. Kwenye kilomita 155 kwa saa hewa inamzuia kwa nguvu ya niutoni 290 hivi, na kubingirika kunachukua kama 70. Ukitoa kilo 10 umepunguza niutoni 3 tu. Faida yake ni nusu kilomita kwa saa. Sasa chukua mwendeshaji huyohuyo, ajipange vizuri zaidi mpaka ile 0.32 ishuke hadi 0.30. Faida ni kilomita 3 kwa saa. Mara sita zaidi, bila kununua chochote. Na kwa wenye injini za 1,000 cc na kuendelea, wapo wanaoongeza risasi kwenye fremu kwa makusudi ili tairi la nyuma lishike.

Kwa hiyo GiaYaSita, kazi yako kubwa ni mwili. Kidevu juu ya tangi, helmeti chini ya mstari wa kioo cha mbele, viwiko vikutane na magoti bila kuachia upenyo, vidole vya miguu vielekee ndani juu ya pedali, visining'inie. Ngozi ikilegea mgongoni na kwenye mikono inapepea kama bendera, ibane kwa tepu. Weka pikipiki kwenye stendi, mtu akupige picha kutoka mbele na ubavuni, rekebisha, apige tena. Kisha kaa hivyo dakika mbili kamili. Njia fupi ya maili 3 itakuchukua karibu muda huo, na shingo isiyozoea inachoka kabla ya maili ya mwisho, ambayo ndiyo inayopimwa. Kichwa kikiinuka hapo, umetupa kila ulichopata kwenye jeti.

Uthabiti. Hapa naomba usome polepole. Usukani ukianza kutikisika kwenye kasi, usifunge resi ghafla na usiguse breki ya mbele. Vyote viwili vinahamishia uzito mbele na kuzidisha mtikisiko. Legeza mikono, sogeza kifua mbele juu ya tangi, bana tangi kwa magoti, punguza resi kidogo kidogo. Mkono uliokaza hendeli unaurudishia usukani kila mtikisiko.

Kabla ya kufika huko, ondoa visababishi. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu: ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika magurudumu na suwingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) uyumbishe kwa nguvu, kusiwe na mchezo. Balansi tairi zote mbili. Halafu kuna moja ambalo wageni hawalijui: chumvi mbichi inarushwa ndani ya ringi, inakauka na kuganda upande mmoja. Pikipiki iliyokuwa tulivu asubuhi inatikisika mchana, na mtu anaanza kulaumu shokapu. Kila ukirudi, kwangua ringi kwa kijiti cha mbao na kitambaa kibichi, ndani na nje.

Upepo wa pembeni. Pikipiki yenye fearingi kubwa mbele na mkia mdogo inasukumwa mbele kuliko nyuma, inageukia upande upepo unakoelekea. Ninja 250 si mbaya, ila ni nyepesi. Kimbia asubuhi. Upepo huwa mtulivu zaidi, na hewa ya nyuzi 18 ni nzito kwa asilimia 6 kuliko ya nyuzi 35, injini inapumua. Ubaya wake ni kwamba chumvi ya asubuhi mara nyingi ina unyevu zaidi. Angalia pia mifereji iliyochimbwa na magari yaliyotangulia. Huhitaji kukaa katikati ya njia, chagua mstari mzima ulio ndani ya alama na uushike hadi mwisho.

Resi ifungue taratibu kutoka mwanzo. Gia tatu za kwanza hazina haraka, kwa sababu una maili mbili za kupandia. Tairi likianza kuzunguka bure kwenye gia ya pili linachimba shimo na mkia unakwenda pembeni.

---

Soda254

Swali kidogo, samahani kwa kuingilia. Huku Kenya tuko na ziwa Magadi, nyeupe mpaka mwisho wa macho. Kwani haiwezi kutumika kwa hii kazi? Na Natron upande wa Tanzania?

---

NatiNaWaya

Soda254, weupe wa Magadi na Natron si wa chumvi kama ile ya Bonneville. Bonneville ni chumvi ya mezani, inafurika majira ya baridi, maji yanakauka kiangazi na kuacha uso tambarare uliokazana. Magadi ni magadi yenyewe, trona, jamii ya soda. Uso wake una matuta na nyufa, chini yake kuna maji ya soda, na sehemu yake inachimbwa na kiwanda. Kuna mahali unatembea juu na pengine unazama. Maji yale pia yanachoma ngozi na kula alumini vibaya sana. Na maziwa hayo yote mawili ni ya flamingo, Natron ikiwa ndiyo mazalia yao makuu Afrika Mashariki. Si mahali pa mbio.

Barani Afrika mahali palipotumika kweli ni mabonde makavu ya Afrika Kusini. Verneukpan alikwenda Malcolm Campbell, dereva wa rekodi za kasi, mwaka 1929, na Hakskeenpan ndiko gari la Bloodhound lilikojaribiwa 2019. Huko ni udongo mkavu, si chumvi, na mshiko wake ni tofauti. Nje ya Marekani, chumvi halisi yenye mashindano ya kila mwaka ni ziwa Gairdner, Australia Kusini, mwezi Machi. Salar de Uyuni ya Bolivia ni kubwa kuliko zote, ila iko mita 3,650 hivi juu ya bahari. Injini isiyo na turbo kule inabaki na theluthi mbili hivi ya nguvu.

---

GiaYaSita

Asanteni sana wakuu, nimechukua kila kitu. 15 kwa 43 na sproketi za akiba ziko kwenye orodha. Yamebaki mawili: upepo wa tairi psi ngapi, na lile swali la kwenda na kurudi. Na kama kuna wa kunieleza namna ya kuiokoa pikipiki na kutu, nitashukuru.

---

UpepoWaPembeni

Rekodi kwanza. Ulichosoma ni kanuni ya FIM, shirikisho la pikipiki la dunia: mbio mbili za pande zinazopingana ndani ya saa mbili, na wastani wake ndio rekodi. Ndivyo Rocky Robinson alivyopata kilomita 605.697 kwa saa na Ack Attack, Septemba 2010, chombo chenye injini mbili za Suzuki Hayabusa zenye turbo.

Speed Week ya SCTA ni utaratibu mwingine. Unakimbia upande mmoja. Ukiipita rekodi ya daraja lako, unapeleka pikipiki moja kwa moja kwenye eneo la kuzuiliwa, na ruhusa ya kuifanyia kazi pale ni ya muda mfupi uliowekwa. Kesho yake asubuhi unakimbia tena upande uleule, na wastani wa mbio mbili ukizidi rekodi, ni yako. Kwa hiyo pikipiki lazima iweze mara mbili. Jeti nyepesi ya kujaribu bahati inaweza kukupa mbio ya kwanza na kukunyima ya pili, hasa kwa vile asubuhi hewa ni nzito na mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi. Ukifuzu mchana wa joto kwa jeti ya 95, fikiria kurudisha 96 kwa ajili ya asubuhi.

Ukiwa mgeni utapitia kwanza kikao cha wageni na kuendeshwa kuonyeshwa njia. Jifunze vizuri upande wa kutokea, kwa sababu kukata njia kurudi ulikotoka kunafukuzisha mtu.

Upepo wa tairi: fuata mtengenezaji wa tairi, si kibandiko cha pikipiki peke yake. Wengi huenda juu, psi 40 na zaidi, kwa sababu tairi gumu linabingirika kwa wepesi na halipati joto. Chumvi yenyewe ni ya baridi na yenye unyevu, kwa hiyo usitegemee tairi lipande psi 4 kama kwenye lami. Pima asubuhi, pima tena kabla ya kupanga foleni.

---

FundiDaino

Kutu sasa. Kabla ya safari, fungua kila kiungio cha waya, paka grisi ya umeme, funga. Puliza kinga ya kutu kwenye fremu, bolti, ndani ya kifuniko cha sproketi na nyuma ya injini, ila funika diski na kalipa za breki kwanza. Ziba matundu ya fremu kwa tepu. Radieta iwekee wavu mwembamba mbele, na chujio la hewa liangalie kila jioni.

Jioni ileile ya mbio, ioshe Wendover kwa maji baridi ya bomba yasiyo na presha. Presha ya mashine ya kuoshea magari inasukuma maji ya chumvi ndani ya beringi za magurudumu na suwingamu, na hapo ndipo yanapobaki. Ukifika nyumbani toa magurudumu, siti, kifuniko cha sproketi na kalipa, rudia kwa maji ya uvuguvugu mara tatu nne, kausha kwa hewa, washa injini ipate moto, badilisha oili. Cheni tupa. Trela na gari la kuvutia uoshe chini kwa uangalifu uleule, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye trela itaifuata pikipiki.

La mwisho kabla hujalipia hoteli: Speed Week ilifutwa 2014 kwa mvua, 2015 kwa ubaya wa chumvi, na 2022 kwa maji yaliyotuama. Lipia vyumba vinavyorudisha pesa, na fuatilia taarifa za hali ya chumvi kuanzia Julai. Ikifutwa, kuna World of Speed hapohapo Septemba chini ya chama cha Utah, na kuna El Mirage huko California, ila El Mirage ni udongo na njia yake ni maili 1.3 tu. Kwa 250, kule rudisha 15 kwa 45, kwa sababu hautapata umbali wa kuijaza ile 43.